Neno "tayari" lilivyonirudisha darasani: uzi wa wanaotaka kusomea mawasiliano baina ya watu, nyumbani na kazini

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie taratibu akipata nafasi.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nasimamia kitengo kidogo ofisini. Siku moja mwenzangu alipita na makabrasha mkononi, nikamuuliza, "Barua ya mteja tayari?" Akanijibu, "Tayari." Nikaendelea na shughuli zangu. Yeye alimaanisha imeshaandikwa, iko mezani inasubiri sahihi yangu. Mimi nikaelewa imeshatumwa. Ile barua ililala kwenye trei siku tisa, chini ya daftari la mahudhurio. Siku ya kumi mteja akapiga simu kusema kazi amempa mtu mwingine, maana sisi hatukumjibu.

Kilichonitesa zaidi si ile kazi kutuponyoka, ni namna nilivyomsema yule dada mbele ya wenzake. Nilimwambia, "Umenidanganya." Hakujibu. Aliitazama kalamu yake, akaifunika kifuniko, akakaa. Miezi miwili iliyofuata alinisalimia vizuri na kunijibu kila nilichomuuliza, lakini hakuniletea tena jambo ambalo sijamuuliza. Kwa mtu anayesimamia kazi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mengi unayotakiwa kujua huwezi kuyauliza, huyajui.

Baadaye, nikiwa peke yangu, nikalirudia lile jibu kichwani. Tayari. Katika Kiswahili neno hilo linabeba mambo mawili: kitu kiko katika hali ya kutumika, na jambo limeshafanyika. Hakunidanganya. Tulisema neno moja, kila mtu akaondoka na maana yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekagua. Mwaka uliofuata nikajiandikisha kozi ya jioni ya mawasiliano baina ya watu. Naandika uzi huu kwa sababu wengi hudhani hilo ni somo la kufundishwa kuongea vizuri. Mimi nililolikuta kule ni jinsi ya kugundua kwamba hatujaelewana, mapema, kabla mtu hajaumia.

Wiki za mwanzo tulisoma jaribio moja ambalo sijalisahau. Mwaka 1990 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton, aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na kila mtu, akawaambia wagonge mdundo wake mezani kwa kidole ili mwenzao abashiri ni wimbo gani. Kabla ya jibu, mgongaji alisema anadhani atabashiriwa kwa kiwango gani. Walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Zilipigwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, ala na sauti zote. Anayesikiliza anasikia ko, ko-ko, ko. Jaribuni leo na mtu mlionaye hapo. Utaona jinsi unavyomkasirikia kwa kushindwa kuona kitu ambacho kwako kiko wazi kabisa. Hasira ile ile ndiyo niliyokuwa nayo juu ya barua.

Mhadhiri akatusimulia ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya KLM iko mwisho wa njia ya kurukia, ya Pan Am bado iko kwenye njia hiyo hiyo ikitafuta pa kutokea. Rubani wa KLM akatamka kwenye redio maneno yanayoweza kueleweka kwamba wako mahali pa kurukia, au kwamba ndiyo wanaanza kuruka. Mwongozaji wa ndege mnarani akaelewa la kwanza, akaanza kwa kuitikia "OK". Maelekezo yake ya kwamba wasubiri yakagongana na sauti ya Pan Am kwenye masafa yale yale, na ndani ya KLM ukasikika mlio tu. Mhandisi wa ndege aliuliza kama yule mwingine ameshatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583.

Niliposikia hivyo niliona trei yangu. Najua huwezi kulinganisha vifo na barua, ila muundo ni ule ule: neno lenye sura mbili, itikio fupi la kuridhika, na mtu wa chini aliyekuwa na mashaka sahihi lakini hakuyashikilia kwa sababu mkubwa amejibu kwa uhakika. Baada ya ajali ile lugha ya redio ilibadilishwa. Neno la kuruka lilifungiwa, halitumiki mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na rubani hurudia maelekezo aliyopewa badala ya kuitikia tu. Mimi na yule dada tulishafanya la kwetu, nitalieleza chini.

Sasa nyumbani. Nilidhani huko hakuna shida, tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Kila usiku mke wangu huniuliza, "Umefunga mlango?" Kila usiku nimefunga. Na kila usiku swali lile lilikuwa linanichoma, maana nilisikia nyuma yake: huaminiki. Nilikuwa namjibu "Nimefunga" kwa sauti ambayo hata mimi nisingependa kujibiwa hivyo.

Darasani tulikuwa tumemsoma mtaalamu wa mawasiliano Paul Watzlawick, ambaye mwaka 1967 yeye na wenzake Janet Beavin na Don Jackson waliandika kwamba kila ujumbe una ngazi mbili: habari yenyewe, na kile unachosema kuhusu uhusiano wa hawa wawili. Ugomvi mwingi wa watu wa karibu huonekana uko kwenye habari, kumbe uko kwenye ngazi ya pili. Nikaamua kuacha kubashiri ngazi ya pili, nimuulize. Usiku mmoja nikamwambia, "Ukiniuliza habari ya mlango, huwa unawaza nini?" Alikaa kimya kidogo. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka saba waliingiliwa na wezi usiku, na yeye ndiye aliyekuwa ametumwa kufunga mlango. Swali halikuwa langu hata siku moja. Miaka kumi na moja nimelala kando ya mtu huyo sijui jambo hilo.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa Kenneth Savitsky na wenzake. Walichukua jozi 24 za wanandoa, wakawaketisha wakiwa wamepeana migongo, mmoja anasema sentensi yenye maana zaidi ya moja, mwingine anabashiri alichokusudia. Sentensi hizo hizo zikasikilizwa pia na watu wasiojuana na msemaji. Wanandoa hawakuwaelewa wenzi wao kuliko wageni walivyowaelewa, lakini wasemaji walikuwa na uhakika zaidi kwamba wenzi wao wamewaelewa. Kadiri mtu alivyo wa karibu ndivyo tunavyoacha kukagua. Kwa mgeni tunaeleza, tunauliza, tunarudia. Kwa mke, kaka, rafiki wa miaka, mfanyakazi mwenzetu wa meza ya pili, tunatupa neno moja na kuondoka.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa waliosomea au wanaofanya kazi zinazohusu watu.

Mchangiaji wa 2

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa kuliko yote. Semina zote nilizohudhuria wanafundisha kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38 na mwili 55. Sasa unahangaika na neno "tayari" la nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nashukuru umelileta, kwa sababu hili limewapotosha watu wengi na mimi lilinipotosha. Takwimu hizo zinatoka kwa Albert Mehrabian, tafiti mbili za mwaka 1967. Walichofanya ni kuwasikilizisha watu neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, na katika mmoja wapo wakaonyeshwa pia picha za sura, kisha waseme msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Ni suala la hisia, tena pale sauti na neno vinapopingana. Mwenyewe Mehrabian amesema hesabu ile haihusu mawasiliano yote. Fikiria tu: nikikueleza njia ya kufika mahali kwa lugha usiyoijua hata neno, je, utaelewa asilimia 93 kwa kunitazama mikono?

Sauti na sura vina uzito wake, sikatai. Mke wangu aliumizwa na sauti ya "Nimefunga", si neno. Lakini barua ililala kwa sababu ya neno.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni muuguzi, miaka kumi na nne kazini. Mleta mada amegusa penyewe. Kwetu daktari akitoa agizo kwa mdomo, mfano dozi wakati wa dharura, unalirudia kwa sauti, naye anathibitisha, ndipo unafanya. Wageni wa kazi huona aibu, wanahisi ni kama kujionyesha hawajasikia. Wakishaona mara moja dozi ya "fifteen" ikisikika "fifty", aibu inaisha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, na kabla ya kisu kushika ngozi, watu chumbani wanajitambulisha kwa jina na kazi. Nilipoanza niliona ni kupoteza muda. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si kujitambulisha peke yake kulikofanya hivyo, orodha ina mengi. Lakini ninavyoona mimi, mtu aliyeshatamka jina lake chumbani humo ni rahisi zaidi kufungua mdomo tena akiona kitu hakiko sawa. Aliyekaa kimya tangu mwanzo anaendelea kukaa kimya.

Ila kwa wagonjwa nina jambo. Ukimuuliza mtu mzima "Umeelewa?" atasema ndiyo. Wote husema ndiyo, kwa heshima, au kwa sababu anataka kwenda nyumbani. Na ukimwambia "Hebu rudia nilichosema" unamgeuza mtoto wa shule. Tulifundishwa kuweka mzigo upande wetu: "Mama, nataka nihakikishe nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani utazimezaje hizi?" Hapo anakueleza, na ndipo unagundua alikuwa anakwenda kuzimeza zote kwa mpigo. Swali limebadilika kidogo tu, lakini aliyewekwa kwenye mtihani sasa ni mimi.

Mleta uzi

Dada, hiyo sentensi ya mwisho nimeinakili kwenye daftari langu. Sisi darasani tulifundishwa jambo hilo kwa kurasa kadhaa, wewe umelimaliza kwa mgonjwa mmoja.

Mchangiaji wa 4

Mimi naomba nipinge. Mnaongea kana kwamba kila tatizo ni kutoelewana. Bosi wangu ananielewa vizuri sana. Nikisema nimezidiwa na kazi anajua nimezidiwa. Anachofanya ni kunicheka mbele ya wateja. Nilijaribu zile kauli mnazofundishwa, "mimi ninahisi hivi unapofanya hivi". Akaniiga sauti. Sasa hapo nikague maana gani?

Mleta uzi

Kaka, pole, na uko sahihi. Nilipaswa kulisema kwenye uzi wenyewe. Kuna mahali ujumbe umefika na umeeleweka, tatizo ni mtu hakuthamini. John Gottman, aliyetazama wanandoa wakizozana kwenye maabara yake Chuo Kikuu cha Washington tangu miaka ya 1980, anaitaja dharau kama dalili mbaya kuliko zote za ndoa inayokwenda kuvunjika: kubeua, kuigiza sauti ya mwenzako, kumcheka. Hasira haimo katika daraja hilo. Aliyekasirika bado anataka kitu kutoka kwako. Kuigizwa sauti uliyoieleza ni hiyo dharau yenyewe, na sidhani kuna sentensi utakayoipanga vizuri ikaitibu. Hapo maswali ni mengine: nani yuko juu yake, nini kimeandikwa, na wewe utakaa hapo mpaka lini.

Kuhusu kauli za "mimi", zilienezwa na mwanasaikolojia Thomas Gordon, na mimi huzitumia kwa uangalifu. Wengi tunasema "Mimi ninahisi wewe ni mzembe" tukadhani tumefuata somo. Hapo hakuna hisia, ni hukumu imevaa nguo ya hisia. Na hata zikitamkwa sawasawa zinahitaji mtu wa upande wa pili anayejali unavyohisi.

Nikupe kimoja kutoka upande wa kazi, labda kitakusaidia ukienda kwa wakubwa wake. Mtafiti Amy Edmondson alikuwa akichunguza makosa ya dawa kwenye timu za hospitali, akitegemea timu bora zitakuwa na makosa machache. Akakuta timu bora zimeripoti makosa mengi zaidi. Hazikuwa zikikosea zaidi, watu wake walikuwa wanaweza kuyasema. Bosi anayecheka watu hapunguzi makosa, anayaficha. Hilo ndilo nililolifanya mimi siku ya barua, na ndiyo maana yule dada aliacha kuniletea habari.

Mchangiaji wa 5

Je, kwenye meseji? Sisi kazini kila kitu ni kwenye kundi la simu. Juzi mtu kaandika "Sawa." yenye nukta, kundi zima likanyamaza siku nzima, kila mtu anajua kuna mtu amekasirika ila hajulikani ni kwa nani.

Mleta uzi

Hili limepimwa. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, 2005: watu walitoa kauli, nyingine za dhati nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Walitarajia wataeleweka mara 78 kati ya 100, kwa njia yoyote. Kwa sauti walieleweka mara 73. Kwa barua pepe 56, na ukibahatisha tu unapata 50. Mwandishi anasikia sauti yake mwenyewe anapoandika, msomaji haioni popote. Ni wimbo wa kugonga meza ule ule.

Utaratibu wangu sasa: meseji ikinipa joto usoni, sijibu kwa maandishi. Napiga simu au naenda mezani kwake. Mara nyingi nimekuta mtu alikuwa anaendesha gari, au mtoto analia, au ndivyo anavyoandika tu.

Ila hata ana kwa ana tuna shida yake. Watafiti walipima lugha 10 za pande tofauti za dunia, wakakuta kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwingine kuanza hupita kwa wastani kama milisekunde 200. Kuandaa hata neno moja huchukua karibu 600. Maana yake tunaanza kutunga jibu mwenzetu bado anaongea. Tangu nilijue hilo, mtu akimaliza jambo zito huwa navuta pumzi moja kabla ya kufungua mdomo. Mara nyingi, katika pumzi hiyo, anaongeza sentensi nyingine, na hiyo ndiyo aliyokuja nayo.

Mchangiaji wa 3

Kweli kabisa. Wagonjwa husema la maana wakiwa wameshashika kitasa cha mlango.

Mchangiaji wa 6

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi na kaka yangu hatujaongea mwaka na nusu. Hatukugombana. Aliacha tu kupiga simu, na mimi sikutaka kuwa wa kumbembeleza mtu aliyenichoka. Mleta uzi, hapo pana kitu cha kukagua?

Mleta uzi

Ndugu, kipo. Kwenye kazi ile ile ya Watzlawick kuna mfano wa mke na mume. Mume anasema: najitenga kwa sababu analalamika. Mke anasema: nalalamika kwa sababu anajitenga. Mambo ni yale yale, kila mmoja ameanzia kuhesabu mahali pake, na kwa hesabu yake yeye anajibu tu, mwenzake ndiye aliyeanza. Wewe umeanzia kuhesabu pale alipoacha kupiga. Sijui yeye ameanzia wapi. Wala wewe hujui.

Watzlawick na wenzake walisema pia kwamba mtu hawezi kutowasiliana. Huu mwaka na nusu mmekuwa mnaambiana kitu kila siku, ila hamjui ni kitu gani. Mimi ningempigia, na nisianze na "mbona". "Mbona umenitupa" inadai ajitetee. Ningesema nilichokiona tu, simu zilikoma mwezi fulani, na kwamba nataka kujua kwake ilikuwaje. Halafu ningenyamaza, hata ikichukua muda.

Na lile nililoahidi juu: mimi na yule dada, baada ya kumwomba radhi mbele ya wale wale niliomsema mbele yao, tulikubaliana neno "tayari" lisitumike kwa jambo lolote la kutoka nje ya ofisi. Tunasema imeandikwa, imesahihiwa, imetumwa. Lilionekana jambo dogo. Wiki ya tatu alikuja mezani kwangu bila kuitwa, akasema, "Kuna kitu kwenye ule mkataba hakijakaa vizuri." Nilisimama nikamvutia kiti.

Mchangiaji wa 6

Narudisha mrejesho. Nimempigia jana jioni. Nilisema kama ulivyoandika, nikanyamaza, nikasikia anapumua tu. Kisha akaniuliza, "Wewe kwani hukupata ule ujumbe niliokutumia nikiwa nimelazwa?" Sikuupata, nilikuwa nimebadilisha namba nikamwambia mama amjulishe. Kwake yeye, mimi ndiye niliyenyamaza kwanza, tena akiwa kitandani. Hatujamaliza, kuna mengine hakutaka kuyasema kwenye simu. Jumapili nakwenda kwake.